Mafuta kwenye Pasipoti ya Dufie

Hadi mwaka juzi Afia Dufie alikuwa amewajazia watu fomu za viza kwa miaka ishirini na miwili, mezani pake pale Kaneshie, Accra, ubavuni mwa kibanda changu cha picha, na kwa muda wote huo yeye mwenyewe alikuwa hajapanda ndege hata mara moja. Hilo halikumzuia kuwakoromea wasafiri. Mimi nilipiga picha, yeye alijaza fomu, na wateja walituogopa wote wawili, yeye zaidi.

"Usicheke," aliwaambia wakishakaa mbele ya kamera yangu. "Wale wa ubalozini hawatafuti mchumba."

Mzee mmoja alitaka kuandika watoto kumi na saba, wakiwemo wa dada zake, maana kwetu mtoto wa dada yako ni wako na ndiye anayekurithi. Dufie akamnyang'anya kalamu. "Baba, hapa wanataka uliowazaa. Unaowalisha waache nyumbani." Mwingine alileta picha ya nyumba ya ghorofa aseme ni yake. Dufie akaitazama, akamuuliza choo kiko upande gani. Yule bwana akachukua picha yake akaondoka.

Lakini kilichomkera kupita vyote ni mafuta. Hapa Accra wengi hawapeleki pasipoti ubalozini kabla haijapita kwa nabii ikaombewa, na manabii wengine wana mkono mzito wa kumimina. Pasipoti zilimfikia Dufie zikiteleza kama samaki. "Mungu haoni shida," alisema huku akizifuta kwa kitambaa. "Ofisa ndiye atakayeshindwa kusoma."

Basi mwaka huo bintiye wa pekee, Akyaa, aliyeolewa Ubelgiji, akashika mimba. Kwetu mtoto mchanga huogeshwa na bibi yake, na Dufie hakuwa tayari kusikia kwamba mjukuu wake wa kwanza anaogeshwa na mtu aliyejifunza kitabuni. Alijaza fomu yake mwenyewe kwa siku nne nzima. Nilimpiga picha mara sita. Mara tano alikuwa anatabasamu, na nilifurahi mno kumwambia asicheke.

Siku mbili kabla ya kuitwa ubalozini, mtoto akiwa amebakiza mwezi mmoja kuzaliwa, Dufie alifungua kopo la biskuti anamoweka nyaraka zake. Akatoa pasipoti, ikamteleza mkononi. Mafuta yalikuwa yameingia kwa nyuma na kulowesha kurasa nne. Ukurasa wa picha ulikuwa umepona, lakini muda wa kutafuta pasipoti nyingine haukuwepo.

Mdogo wake, Konadu, anaishi naye nyumba moja na anauza kenkey, madonge ya mahindi yaliyofungwa kwa majani, hatua chache kutoka mezani. Ghafla akawa na kazi nyingi sana.

"Konadu."

"Abee, dada."

"Miaka yote hii napigana na mafuta. Kumbe adui nalala naye nyumba moja?"

"Nabii alisema ni tone tu."

"Tone la nani, la tembo? Wakininyima viza, mjukuu wangu utamwogesha wewe, kwa simu. Nani alikutuma ukaniombee viza?"

Konadu akaiweka chini kenkey aliyokuwa anaimenya. "Sikuomba viza," alisema. "Niliomba urudi. Kaka yetu Oppong alikwenda ng'ambo kwa wiki mbili, dada. Huu ni mwaka wa ishirini na sita."

Nilikuwa nimeshajiandaa kucheka. Nikajifanya nasafisha kamera. Dufie alichukua kitambaa akaanza kufuta, na alifuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Yaliyotokea dirishani pale ubalozini alinisimulia mwenyewe. Ofisa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani. Alisoma barua ya mwaliko, kibali cha meza, barua ya kanisa, akavisogeza vyote pembeni.

"Mama, wewe ni mjane. Mwanao wa pekee yuko kule. Nini kitakurudisha huku?"

Wateja wake Dufie huwakaririsha kanuni moja: jibu ulichoulizwa, kwa ufupi, kwa karatasi. Sasa karatasi zake zote zilikuwa upande wa pili wa kioo, na hazikutosha.

"Fungua kurasa za nyuma," akasema.

Ofisa akafungua, akanusa kidole. "Umepikia hii?"

"Ni mafuta ya maombi. Mdogo wangu aliichukua kwa siri akaipeleka kwa nabii."

"Ili upate viza."

"Ili nirudi. Tumebaki wawili tu hapa. Miaka ishirini na miwili nahudumia watu wanaoombewa waondoke. Huyo ndiye wa kwanza niliyemwona akiomba mtu arudi."

Ofisa alifuta kidole, akaandika kitu. "Ukirudi," alisema, "badilisha hii pasipoti." Siku ya tisa viza ikatoka.

Mtoto aliogeshwa na bibi yake miezi mitatu, asubuhi na jioni. Akyaa alimsihi mama yake abaki, na Dufie hanifichi kwamba alitamani. Konadu alimpokea uwanja wa ndege nami nikiwa nimebeba mizigo. Hakusalimu. Aliomba pasipoti, akapita ukurasa wa viza bila kuutazama, akatafuta muhuri wa kuingia nyumbani. Akaugusa kwa kidole gumba. Ndipo akamkumbatia dada yake, na hakumwachia upesi.

Jumatatu Dufie alikuwa mezani. Mteja wa kwanza, kijana wa suti, akatoa pasipoti inayong'aa. Nikasubiri matusi. Dufie akaishika kwa ncha za vidole, akaigeuza.

"Haya mafuta ni ya kwenda au ya kurudi?"

"Ya kwenda, Mama."

"Basi rudi kwa nabii wako," alisema, akimrudishia. "Mwambie hajamaliza."