Kivuli cha Bibi Kishindo

Brashi huchora na kupaka rangi vitabu vya katuni. Tangu nimfahamu hajaponzwa na kitu chochote, ila mabawa. Nitafika hapo.

Tumekaa jirani, ukuta mmoja, miaka kumi na saba. Meza yake iko chini ya dirisha, na juu yake hapakosi kikombe cha chai ambacho mkewe alishamkataza kukiweka karibu na karatasi. Jina la Brashi alilipata kwa kuchomeka brashi sikioni kama seremala na penseli yake. Alikwenda nayo hata kwenye harusi yake. Mama mkwe ndiye aliyeichomoa, mbele za watu, akasema afadhali, binti yangu ameolewa na mtu mwenye kazi.

Mama mkwe huyo, alipofiwa na mumewe, alihamia kwao, na ndiye msomaji wa kwanza wa kila toleo. Katika katuni zile kila shujaa ana kitabu chake, lakini wote wanaishi mji mmoja na huazimana maadui kama majirani wanavyoazimana ungo. Kipenzi cha mama ni Bibi Kishindo, bikizee anayesimamisha treni kwa kupiga makofi, kisha akalalamikia magoti. Mama husema wengine wote ni waongo, hakuna anayetaja magoti.

Kwa toleo la hamsini mhariri aliagiza mashujaa wote kumi wakutane, na katika ukurasa wa mwisho waione picha yao ya miaka kumi ijayo, wamesimama mstari mmoja. Hadithi zote za mbele zingeifuata picha hiyo. Brashi akaanza kuchora kutoka kushoto. Wa tatu alikuwa yule mwenye mabawa, na Brashi anapenda manyoya, akayakunjua yote mawili. Alipofika kulia karatasi imekwisha na mtu mmoja amebaki. Akiwa anajikuna kichwa, kiwiko kikagonga kikombe. Maji yakimwagika hayazoleki, sembuse chai. Likabaki doa miguuni pa mashujaa. Akafunika kombe, akalipaka doa rangi ya bluu iliyokoza, akapeleka kazi. Mhariri alikuwa na haraka, hakuhesabu watu.

Mama mkwe alihesabu. Nilikuwepo, nimekwenda kurudisha nyundo.

"Baba," alimwita Brashi kwa upole, na upole wa mama mkwe ni wa kuogopwa, "miaka kumi ijayo Bibi yuko wapi?"

Brashi akajibu kwamba nafasi ilikuwa ndogo.

Mama akalirudia neno hilo taratibu, nafasi ilikuwa ndogo, akaingia chumbani. Tukasikia sanduku likivutwa kutoka mvunguni. Akatangaza humo humo kwamba Jumamosi anahamia kwa binti yake mdogo, ambaye mumewe hachori kitu. Mke wa Brashi alimtazama mumewe kama mlango uliong'oka bawaba.

Brashi akamkimbilia mhariri amrudishe Bibi. Mhariri akamwambia kilichochapwa kimechapwa, tena wasomaji wameshaanza kumlilia bikizee, na kilio kinauza.

Jumamosi asubuhi sanduku lilikuwa limeshafungwa. Brashi akaketi sakafuni mbele yake na kitabu mkononi, akakiri yote, mabawa na chai.

"Mama, mimi nisingekutoa kwenye picha yoyote," akasema. "Nilipima vibaya tu."

Mama akavaa miwani, akalitazama doa muda mrefu.

"Picha hii imepigwa na nani?"

Brashi akakiinamia kitabu.

"Watu tisa wanachekea mbele. Wanamchekea nani? Hiki ni kivuli cha mtu ameinua viwiko. Ameshika kamera."

Brashi, kwa uaminifu wake, akarudia kwamba ni chai.

"Wewe paka rangi," mama akamwambia. "Maana tuachie sisi tunaosoma."

Akaomba penseli, akakaa juu ya sanduku lake, akamwandikia mhariri barua. Toleo la hamsini na moja lilianza na Bibi Kishindo akiwa nyuma ya kamera, anamwambia yule wa tatu akunje mabawa yake wenzake wapate nafasi. Maneno yalikuwa ya mama, hata koma haikuguswa.

Sanduku limerudi mvunguni, sasa limejaa katuni. Na sebuleni kwao ipo picha ya familia aliyoipiga mama mwenyewe, amekataa katakata mwingine ashike kamera. Brashi hana kichwa. Mimi nimepata sikio moja. Lakini pale chini, sakafuni, kivuli chenye viwiko viwili kimetoka safi kabisa.