Ubuyu Wangu wa Gereji

Jamani, mimi ni mtu wa kulenga shabaha klabuni, na vichwa vya risasi za bastola yangu navitengeneza mwenyewe kwa kuyeyusha madini na kuyamimina kwenye kalibu, gerejini kwetu huku ughaibuni, Agincourt. Kisha navipaka poda nyekundu na kuvioka kwenye ovena ndogo. Vikitoka vinang'aa, roho inaburudika!

Tatizo ni makopo. Nyumba yetu, kama ya Mtanzania yeyote, haitupi kopo la aiskrimu. Mke wangu hutilia ubuyu, mimi natilia risasi.

Jumapili akaniambia nibebe ubuyu twende nao kanisani. Mezani palikuwa na makopo mawili, maana langu nilikuwa nimeliingiza ndani ili nilitazame vizuri. Nikabeba lililo zito, nikidhani mwenzangu amejaza kwa ukarimu.

Baada ya ibada nikajitapa mbele ya akina mama: "Leo nimepika mwenyewe!" Uongo mtupu.

Mama Mchungaji akafungua, akachukua punje moja, akaigonga kwenye sahani. Ikalia ngo!

"Baba Neema, mbuyu wako unazaa risasi?"

Mke wangu akanijibia: "Amepika mwenyewe kweli, mama. Hapo hajadanganya."