Siku Bamama ba Korale Balifagia Mafunjo

Bamama ba korale, kwaya ya kanisa ya kwetu Mugunga, banaweza kufagia hata moshi. Basikie tu mugeni anakuya, banapiga salongo, wote inje na fagio na panga, mpaka mawe ya volkano inangaa kama meno ya bibi harusi.

Mimi nilikuwa nachunga mafunjo. Kando ya ziwa potopoto, ile matope ya mafunjo, ilikuwa imekufa, samaki haina tena pa kuzalia, na mimi naishi na kuuzisha ile samaki. Proje moja ya kulinda ziwa ikatusaidia kupanda mafunjo upya, ikasimika pike, vijiti vya rangi nyekundu, juu ya kupima kama inaota. Muzee mwenye kile kiwanja cha potopoto alisema: «Madame wa proje akikuta imeota, naachia mafunjo kiwanja. Akikuta bure, namwanga mawe, najenga nyumba.»

Siku ya kupima, kamio yake, lori ya mawe, ilikuwa tayari inaunguruma pale juu. Nikaenda kupokea madame ku barabara. Kurudi naye, roho yangu ikashuka mpaka mu viatu, ikatoka, ikaenda Bukavu na miguu.

Mafunjo hakuna! Potopoto tupu, safi kama kanisa siku ya Pasaka.

«Bamama, mafunjo iko wapi?»

«Mafunjo gani, papa? Tumekata majani tu. Mugeni akute uchafu?»

Kweli, ilikuwa ingali fupi, inafanana na majani. Madame akauliza pike iko wapi. Moja nikaiona: ilikuwa inaungua chini ya sufuria ya sombe, majani ya muhogo ya kumupikia madame mwenyewe.

Muzee akacheka. «Madame, unaona? Bure!» Akainulia shofere mukono. Kamio ikaanza kushuka. Korale, bila kujua kitu, ikaanza kuimba.

Madame akavua viatu, akaingia mu potopoto mpaka magoti, akazamisha mukono. Nazani hata ziwa lilisimama. Akavuta muzizi munene, na pembeni yake chipukizi nyeupe kama jino la mutoto.

«Muzee, simamisha kamio.»

«Juu ya kajino kamoja?»

«Siandiki imeota, siandiki imekufa. Nitarudia kupima kisha mvua kunyesha.»

Muzee akatukana mpaka nyoka zikahama. Lakini kamio ikasimama. Akamwangisha mawe palepale ku barabara, akasema: «Mawe haiozake. Itangoja.»

Mpaka leo ile mawe iko pale. Mvua imeanza. Kila asubui naamukia mu potopoto, naangalia meno inaota, na nikiona mama anakuya na fagio, namufukuza kama mwizi.