Fundi Bati wa Katesh na Ndege ya Injini Mkiani

Saa tatu asubuhi soko la Katesh limechangamka, na Tawakali Ayubu ameining'iniza ndege kwa uzi kidoleni. Ni ndege ya bati, urefu wa mkono. Mkia unashuka, pua inatazama mbingu. Fundi anaguna.

"Imekataa," anasema. "Jana pia ilikataa."

Tawakali, mwenye miaka hamsini na sita, ni fundi bati. Debe tupu la mafuta ya taa humtolea koroboi kumi na mbili, kila moja senti thelathini. Kwa miaka ishirini hajarudishiwa kazi hata moja, na hilo hulisema hata asipoulizwa. Mpaka wiki iliyopita.

Aliyerudisha ni Nikolausi, kijana wa Dirma anayefagia uwanja wa ndege Nairobi. Likizo inakwisha, Jumamosi anapanda basi. Baba yake, Mzee Gidahosh, mfugaji, amemnyima baraka ya safari. Kijana amemsimulia jeti, naye anasema ndege isiyo na pangaboi la kuivuta haipo duniani, na mtoto anayemdanganya baba yake abaki achunge ng'ombe.

Ndipo Nikolausi akaagiza ndege ya jeti ya kusimikwa juu ya nyumba, igeuke na upepo, mzee aione kila siku. Tawakali akaitengeneza vizuri sana, akaipachika pangaboi puani.

"Nilidhani kijana amesahau, nikamsaidia," anasema akicheka. "Kumbe nimemharibia."

Nikolausi hakukasirika. Alichuchumaa akachora mavumbini.

"Fundi, jeti nyingine injini zimo ndani ya bawa, hapa linapoungana na mwili. Nyingine zinaning'inia chini ya bawa kama vibuyu. Nyingine ziko mkiani, moja huku, moja huku. Nitengenezee ya mkiani. Mabawa yatabaki matupu, baba ataona hakuna kilichofichwa."

Injini zikauelemea mkia. Tawakali akalisogeza nyuma tundu la kijiti cha kuisimikia. Ndege ikakaa sawa, lakini upepo ukaigeuza ikawa inaruka kinyumenyume. Leo amelirudisha tundu mahali pake. Anayeyusha lehemu, anaimimina ndani ya pua ili uzito ulingane na wa mkia, anauinua uzi tena. Ndege inatulia.

Adhuhuri Nikolausi anafika na baba yake. Ndege iko juu ya kijiti, imeukabili upepo wa mlima Hanang. Gidahosh anapapasa mabawa, kisha injini.

"Zinasukuma kutoka nyuma?"

"Ndiyo, baba."

Mzee anazunguka hadi mkiani. "Hata ng'ombe tunamswaga kutoka nyuma. Ukimvuta pembe hamfiki." Anakishika kiganja cha mwanawe, anakitemea mate kidogo, kama wazee wa kwao wanavyobariki. "Nenda."

Tawakali anageuka upesi, anajifanya anatafuta mkasi. Machozi yamemlenga, wala haoni aibu kukiri baadaye.

Baada ya mavuno naye anakusudia kwenda Nairobi.

"Sitaki kupanda ndege," anasema. "Namtafuta fundi aliyeziweka zile injini mkiani. Nataka nimpe pole."