Gari la Kuvutwa na Mama Mkwe wa Kwihara

Enzi za Mwingereza nilifanya kazi kwa Mzungu mmoja, mchunguzi wa mbung'o. Lori lake lilijengewa nyumba mgongoni, kitanda na jiko humo humo, na nyuma yake tulifunga kwa kamba gari dogo la kuzungukia porini. Yeye aliendesha lori. Mimi nilikaa kwenye gari dogo, injini imezimwa, nikishika usukani na kukanyaga breki ili kamba isilegee. Niliringa kweli. Watu wa vijijini walinidhania dereva, nami sikuona haja ya kuwasahihisha.

Wakati huo nilikuwa nimeposa Kwihara. Baba wa binti alikwisha kuridhika. Mama ndiye aliyekuwa bado. Alisema vijana wa magari hawana adabu, na bila neno lake nisingepata mke. Nami nilimtaka yule binti mpaka chakula hakipiti.

Kwetu mkwe haonani na mama mkwe uso kwa uso. Mkikutana njiani, kila mmoja anaingia kichakani upande wake.

Basi mchana mmoja tunarudi Tabora, tunafika Kwihara, namwona mama wa binti anakuja, jembe begani, katikati ya njia. Nitaingia kichaka gani, nami nimefungwa kwenye lori? Nikaachia usukani, nikajikunja chini ya dashibodi kama kuku aliyeona mwewe.

Gari likaacha njia, kamba ikakatika, likaparamia matuta ya viazi na kutulia humo. Lori likaenda zake mpaka Isevya, karibu na mjini, ndipo Mzungu akagundua kwamba yuko peke yake.

Aliporudi nilikuwa bado chini.

"Ulilala?"

"Hapana, Bwana. Mama mkwe alipita."

Akaitazama njia yote. "Mbona simwoni?"

"Hata mimi sikumwona, Bwana. Ndivyo inavyotakiwa."

Hakunifukuza. Alimwagiza fundi achomelee chuma cha pembe tatu mahali pa kamba, na minyororo miwili pembeni ya kulishika gari chuma kikikatika, gari likawa linafuata bila mtu. Udereva wangu ukaishia hapo. Wiki ile ile Kwihara wakakubali posa.

Miaka mingi nilijisifu kwamba bahati ilinikuta njiani. Mama mkwe alipofariki ndipo mke wangu akaniambia, "Bahati gani? Mama alisikia lori tangu mbali, akaacha kulima, akaja njiani makusudi aone utafanyaje. Na yale matuta uliyoyavuruga yalikuwa yake."

Nikacheka, kisha nikamlilia upya mwanamke ambaye sikuwahi kumtazama usoni.