Polima ya Mpishi

Katika maabara ile walimwita Mpishi, maana kazi yake ilikuwa kuchemsha polima, ile plastiki ambayo umeme ukipita ndani yake hutoa mwanga. Mtafiti aliyeigeuza kuwa taa alikuwa mwanamke mwenye haraka zake. Akiagiza chupa ya polima leo, ataisubiri mpaka achoke. "Bado naiosha, dada," ndilo lilikuwa jibu la siku zote.

Mwishowe uvumilivu ukamwisha. Akaenda kwa Profesa, mkuu wa maabara, akamweleza kwamba yule bwana anawarudisha nyuma. Mkataba wa Mpishi ulipoisha, haukuongezwa. Aliaga kwa adabu, akamwachia mtafiti chupa moja mezani.

Taa zilizotokana na chupa ile ziliwashangaza wote: umeme uleule, mwanga maradufu. Mtafiti alidhani kipimo kimeharibika. Akarudia, ikawa vilevile. Lakini chupa ikaisha, na polima ya mkemia mpya, aliyefanya kazi upesi kama alivyotakiwa, ikatoa taa hafifu za kutia aibu.

Mtafiti hakuwa na budi kumeza kiburi chake na kwenda kumtafuta Mpishi. Alimkuta katika duka la rangi za nyumba, mikono imetapakaa buluu. Mpishi hakumnunia. Alimvutia stuli, akamweleza kwamba chembe za metali inayotumika kupikia polima zikibaki ndani, huua mwanga kabla haujatoka. Ndiyo maana alikuwa anaosha na kuosha tena.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, dada. Kila ulipokuja."

Kule maabara wakaosha kama alivyoelekeza, na taa zikawaka. Makala ilipoandikwa, mtafiti aliliweka jina la Mpishi miongoni mwa waandishi. Profesa akalifuta, akisema huyo si mtu wao tena. Mtafiti angeweza kubisha, lakini kiti cha mkuu wa kitengo kilikuwa wazi, na Profesa ndiye angechagua wa kukikalia. Akanyamaza, na kiti akakipata.

Baadaye alihamia nyumba kubwa, akataka kupaka sebule rangi. Maduka yalikuwa mengi, ila miguu ikampeleka kulekule. Labda alitaka kusamehewa bila kuomba. Mpishi alifuta mikono, akasimama nyuma ya kaunta kama asimamavyo kwa mteja yeyote.

"Karibu, mama. Unatafuta rangi gani?"

Akataja rangi ya kwanza iliyomjia, akalipa, akaondoka na kopo lake.