Pipa la Maji ya Mfongo

Mjomba wangu, kaka yake mama, aliteguka bega akikata majani ya ng'ombe kihambani, shambani kwake mlimani, na tangu hapo mkono wake wa kulia haupandi kupita kifua. Migomba na kahawa unaweza kuomba watu wakusaidie. Lakini yeye ana boti kule tambarare, Bwawa la Nyumba ya Mungu, na injini yake kuukuu stata ikigoma inawashwa kwa kuvuta kamba. Kamba ile inataka bega zima.

Na stata iligoma. Betri ilikuwa inachemka mpaka inakufa, kwa sababu regyuleta, kile kidude kinachozuia umeme wa injini usizidi, kilikuwa kimeharibika. Mjomba akanishukia Njoro, kwenye kibanda changu cha pikipiki, amekiweka mfukoni kama jino lililong'oka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, injinia. Nimezunguka mji mzima. Wanasema hiki walishaacha kukitengeneza." Akajishika bega. "Kama hili."

Nilicheka, kisha nikaona kuwa yeye hacheki. Mkewe alikuwa ameshasema boti iuzwe. Nikamwambia aniachie. Mimi huwa naona mbali: palepale nilishajiona na karakana ya injini za boti, kibao cha bluu, mjomba amekaa mlangoni anasifia.

Nikafunga regyuleta ya pikipiki. Nyaya zilikubaliana vizuri tu. Shida ilikuwa kujaribu, maana injini ya boti hupozwa na maji, haiwashwi pakavu. Tukaipandisha injini nyumbani, mjomba akatumia zamu yake ya maji ya mfongo, ule mfereji unaoshuka mlimani, kujaza pipa nyuma ya zizi, tukaisimamisha humo. Jirani aliyekuwa akisubiri zamu yake akatuangalia juu ya ua wa mimea ya masale.

"Ndizi zina kiu, wewe unanywesha injini."

"Ndizi hazivuki bwawa," mjomba akamjibu.

Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye migomba. Injini iliunguruma, mita ikatulia kwenye volti kumi na nne. Nikagusa regyuleta: baridi kama jiwe la mtoni.

"Imepona," akasema mjomba, na siku ile alikula mtori bakuli mbili.

Bwawani tulifika kwenye nyavu jua limesimama utosini. Tukazima, tukavuta samaki. Tulipotaka kurudi, akabonyeza stata. Kimya. Nikafungua kifuniko, harufu ya plastiki iliyoungua ikanipanda puani. Regyuleta ilikuwa imeyeyuka, na betri imekufa nayo. Ndipo ikanijia: kule juu tuliipima kwenye maji yanayoshuka mlimani, kwenye ubaridi wa asubuhi. Sisi watu wa mlimani tulisahau kuwa joto lipo.

Kabla sijaruka nyavu, alishaishika kamba kwa mkono wa kushoto.

"Niachie, mjomba."

"Nakuachia. Na siku ambayo hupo?"

Nikaipokea kamba. Nilivuta mpaka viganja vikachubuka, ikawaka, tukarudi. Nilimwangalia mgongo njia nzima, nikatamani kulia.

Nilitafuta betri nyingine na regyuleta ya pikipiki kubwa, yenye mapezi ya kutoa joto. Nikakata mfuniko wa sufuria ya zamani ya mama, nikaifunga juu ya bati lile nje ya kifuniko cha injini, ipigwe na upepo. Safari hii sikutaka pipa. Tulishuka bwawani moja kwa moja, tukasubiri jua liwe kali, tukaenda mpaka katikati.

"Zima," akasema.

"Tungezunguka kidogo kwanza, mjomba."

"Zima."

Nikazima. Maji yakawa yanagonga ubavu wa boti. Kidole changu kilikuwa juu ya lile bati. Lilikuwa la moto, lakini la kuvumilika. Akasogea mwenyewe, akabonyeza kwa dole gumba. Injini ikakohoa, ikawaka.

Nilitaka kushangilia. Yeye akaisikiliza kwanza, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mtu mgonjwa.

"Hili bado si jua la Januari," akasema.

Kisha akainama, akatoa kasia chini ya nyavu, akaliweka kushotoni kwake, pale mkono mzima unapofika.